Ndoo Iliyopewa Jina Langu

Jumatatu ya kwanza ya Mfunguo Tano, kabla ya adhuhuri, nilifiwa na mke wangu Mwanaidi, hapa nyumbani kwetu Bofu, Likoni. Alasiri tulimzika. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimestaafu kazi ya kutandika sakafu kwa sababu ya magoti, kwa hivyo ndani ya mwaka mmoja nimepoteza vitu viwili vilivyokuwa vikinitoa kitandani asubuhi. Cha pili sikililii sana. Magoti pia hayakililii.

Vijana wa duka la sakafu nililofanyia kazi wameniomba niandike habari za kazi yetu. Shule niliishia darasa la saba, na barua ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika ilikuwa ya kuomba ruhusa nikang'olewe jino. Nimekubali kwa sababu kazi hii haina kitabu, mtu hujifunza kwa kuharibu nyumba za watu, na kama naweza kuziokoa nyumba mbili tatu, si haba. Tena kuna jambo pale dukani linaloitwa kwa jina langu, nalo si langu. Nimelibeba zaidi ya miaka kumi. Ninataka lirudi kwa mwenyewe. Lakini inabidi nianze mwanzo, maana nikianza na lenyewe mtadhani mimi ni mwizi wa kawaida.

Siku ya kwanza kazini nilikuja mikono mitupu. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa kupaka rangi, na jirani mmoja akaniambia kuna duka hapa Likoni linatafuta mtu wa kutandika mikeka ya mbao. Nikajiambia, mkeka. Mkeka hutandikwa na mtoto wa miaka mitano huku anakula embe. Nikamwambia Mwanaidi nitarudi kabla ya chakula cha mchana.

"Mkeka wa mbao," akasema. "Mbao zinasukwaje?"

"Sijui. Wabara ndio wanaojua."

"Basi chukua maji ya kunywa."

Kwa asiyejua, mkeka wa mbao si mkeka wala si mbao. Ni plastiki nene inayokuja kwa roli, imechapwa sura ya mbao juu yake, pamoja na vifundo na nyufa za uongo. Jina lilishuka kutoka bara, sisi wa Pwani tukalicheka, kisha tukalizoea, sasa tumeliandika kwenye ukuta wa duka kwa herufi kubwa. Ni sakafu ya mtu anayetaka chumba chake kifanane na cha tajiri bila yeye kuwa tajiri, na mimi sioni aibu yoyote katika hilo. Nimewatandikia walimu, wauguzi, makuli wa bandarini na imamu mmoja, na wote walifanya jambo lile lile nilipomaliza: waliinama wakaipapasa, kuona kama wamejidanganya vya kutosha.

Roli nililobebeshwa siku ile lilikuwa na uzito wa ng'ombe aliyekataa kutembea. Aliyenibebesha ni Fundi Mutua, Mkamba aliyekuwa Mombasa tangu ujana wake, mtu mrefu, mkimya, mwenye penseli sikioni hata kanisani. Hakuniuliza kama najua kukata wala kupima. Alitazama miguu yangu.

"Una soksi?"

"Za nini? Nimevaa kandambili."

"Hamisi, hii kazi ni ya kuingia kwa nyumba za watu. Huku kwenu hawaingii na viatu. Utavua, utapiga magoti, uwageuzie nyayo siku nzima. Hizo nyayo nimeziona. Enda ununue soksi."

Kwa hivyo chombo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa soksi, na mpaka leo nasema kuwa soksi yenye tundu humkosesha fundi kazi upesi kuliko kisu butu. Mutua alikuwa na jozi mbili, moja ya kazi, nyingine ya kazi za Kisauni, kwa sababu alisema mabibi wa Kisauni wana macho.

Mengine aliyonifundisha nayaandika kama nilivyoyapokea. Roli likifika, lifungue, ulilaze chumbani nusu siku kabla ya kulikata. Limesafiri limejikunja, na ukilikata kabla halijajinyoosha, usiku litajinyoosha lenyewe na asubuhi utaitwa. Pima kuta zote nne, hata kama mwenye nyumba ameapa kwamba mbili zinalingana. Nyumba zetu zilijengwa kwa macho, na macho yenyewe yalikuwa na haraka. Kabla ya gundi, chukua kipande cha nailoni, kibandike kwenye saruji kwa tepu pande zote, ukiache mpaka kesho. Ukikuta jasho chini yake, sakafu inapumua maji, na gundi utakayomwaga hapo ni sadaka. Badilisha wembe wa kisu kabla haujakulazimisha. Wembe mkali hukata mkeka, butu hukata fundi. Alama yake iko kwenye kidole changu cha shahada, na nikikiinua katika swala mpaka leo naiona.

Kulikuwa na kesi ngumu. Bwana mmoja wa Changamwe alitaka mistari ya mbao ielekee kibla, ili wageni wakiswali kwake safu zinyooke zenyewe. Wazo zuri. Shida ni kwamba nyumba yake haikuelekea kibla wala haikuelekea barabara, ilielekea pale mafundi walipochokea. Simu yake ilionyesha kibla upande mmoja, mwalimu wa madrasa akaonyesha mwingine, na Mutua, Mkristo, akaombwa aamue. Alitoa penseli sikioni, akachora mstari katikati ya wote wawili, na wakakubaliana. Chumba kile kina safu nzuri sana wakati wa swala. Wakati mwingine wote, ukiingia humo unajihisi unapepesuka.

Sasa nije kwa Mwanaidi.

Vipande vinavyobaki baada ya kazi mwenye duka alituruhusu tuvichukue. Wenzangu waliviuza au wakavitupa. Mimi nilivileta nyumbani, na Mwanaidi akavipa kazi. Kimoja alikiweka chini ya mbuzi ya kukunia nazi. Kimoja alikiweka karibu na jiko la makaa, aone cheche zitakifanyaje. Kimoja alikilaza kwenye mlango wa choo, pale mtu anapokanyaga akitoka kutawadha, miguu inachuruzika maji. Hakuniambia anafanya majaribio. Mimi nilidhani anapamba. Lakini kila baada ya wiki chache alikuwa ananipa hukumu huku anapakua.

"Kile cheusi kinateleza. Saumu ameanguka mara mbili." Saumu ni binti yetu, wakati huo alikuwa mdogo.

"Kile cha kijivu kinaonyesha mchanga wote wa Likoni."

"Kile chembamba mbuzi imekitoboa. Mkimwekea mtu kitanda cha chuma, miguu itazama."

Nami kesho yake nilisimama dukani, mikono nyuma, nikamwambia mteja kwamba cheusi kinateleza, cha kijivu kinaonyesha mchanga, na chembamba hakihimili kitanda cha chuma. Wateja wakaanza kuuliza, "Yule mtaalamu yuko?" Mtaalamu alikuwepo. Alikuwa Bofu, akikuna nazi.

Kisha zikaja lamineti. Hizi ni mbao za kubana, kila ubao una ulimi na mfereji, unaupiga kidogo unashikana na mwenzake bila gundi. Juu ni picha nzuri ya mti, chini ni unga wa mbao uliogandamizwa. Zilikuwa ghali kuliko mkeka na rahisi kuliko mbao za kweli, na ukizikanyaga zilitoa mlio, tak, tak, kama nyumba ya mtu mwenye cheo. Mkeka hauna mlio. Nilizipenda mno. Nikaleta kipande nyumbani kwa fahari.

Mwanaidi alikitia kwenye ndoo ya maji.

Siku mbili baadaye alikitoa akaniwekea mbele, kando ya chai. Kilikuwa kimevimba kama hamri lililoumuka, na picha ya mti imeachana na unga wake.

"Baba Saumu," akasema, "hii msimtandikie mtu anayetawadha."

"Mama Saumu, nani atatia sakafu yake kwenye ndoo? Wenye kiwanda wamesoma."

"Wamesoma, lakini hawajapiga deki."

Nikacheka. Nataka iandikwe kwamba nilicheka.

Wiki mbili hazikupita, tukaitwa Kisauni kwa Bi Rukia. Bi Rukia alikuwa mama mtu mzima wa ukoo wa zamani, mjane, mwenye Kiswahili ambacho ukikisikia unaona haya ya chako. Alikuwa akitengeneza upya nyumba aliyoachiwa na baba yake, na saruji ya chumba chake cha kulala ilikuwa imepasuka. Alitaka sakafu ya rangi ya mvule, kama milango ya baba yake, ila alisema mvule wenyewe siku hizi ni wa kutazama kwa wenye nazo. Mutua alikuwa amekwenda kwao Ukambani mazikoni, kwa hivyo nilikwenda mimi peke yangu na soksi zangu nzuri. Nikampangia barazani aina tatu: mkeka, lamineti, na zile mbao za plastiki iliyochanganywa na unga wa mawe, ambazo maji hayazigusi lakini bei yake humgusa mtu.

Aligonga kila moja kwa kifundo cha kidole. "Ipi unaipenda wewe, mwanangu?"

Hapo ndipo ningesema habari ya ndoo. Sikusema. Niliona aibu kumwambia bibi wa heshima kwamba ninamsikiliza mke wangu anayetia bidhaa zetu kwenye maji. Nikasema lamineti.

"Na kuosha?"

"Usimwage maji, Bi. Ni kupangusa tu kwa kitambaa chenye unyevu."

Akanitazama. "Kama mtoto anayepanguswa pua?"

"Naam, Bi."

"Haya. Mwenye kazi ndiye ajuaye."

Nikatandika. Nikafanya na kosa la pili, maana makosa hayapendi kutembea peke yake. Lamineti inataka uiachie nafasi ya upana wa kidole kando ya kila ukuta, ipate pa kujinyoosha, kisha ufunike nafasi hiyo kwa ubao mwembamba. Bi Rukia alisema nafasi ile ni mahali pa kulala mende. Nikaisukuma sakafu mpaka ukutani ikakaa kama imezaliwa humo. Ilipendeza wallahi.

Asubuhi ya sikukuu ya Idi, tumetoka kuswali, hata kanzu sijavua, simu ikalia. Alikuwa mjukuu wa Bi Rukia.

"Fundi Hamisi, bibi hatoki."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Mlango."

Mwanaidi alikuwa amesimama karibu, akasikia. Alijitanda buibui, akachukua nyundo yangu kwenye mfuko wa kazi na msumari mmoja mnene, akatangulia nje. Kwenye feri hakusema neno. Mke asiposema neno kutoka Likoni mpaka Kisauni, mume hupata muda mrefu sana wa kutafakari.

Tulikuta watu wamepanga foleni barazani. Jana yake wajukuu wa kike walikuwa wamesafisha nyumba kwa ajili ya sikukuu kama wanawake wa nyumba ile walivyoisafisha tangu ijengwe: ndoo kwa ndoo za maji, fagio la chelewa, na kuyasukuma mpaka yatokee uani. Nani aliwaambia kitambaa? Mimi nilimwambia Bi Rukia, na Bi Rukia alikuwa sokoni. Jioni akaingia kulala akafunga mlango wake. Usiku lamineti ikanywa, ikavimba, na kwa kuwa nilikuwa nimeinyima nafasi ukutani, ikaenda juu. Nyuma ya mlango ilikuwa imeinuka kama mtu aliyelala amejifunika shuka. Mlango unafungukia ndani. Haukufunguka hata inchi moja.

Bi Rukia alikuwa amevaa nguo yake mpya, ameketi kwenye kiti ndani ya dirisha la nondo, udi unafuka nyuma yake, anapokea wageni. Watoto walipita mmoja mmoja wakambusu mkono kati ya nondo, naye akawapa pesa za mkono wa Idi. Sinia la pilau lilikataa kupita, wakampitishia kwa kikombe. Mzee mmoja mwenye bakora alikuwa amefika mbele ya foleni.

"Idi mbaraka, Bi Rukia. Umefungwa miaka mingapi?"

"Muulize hakimu," akasema, akaninyooshea kidole. "Yule anakuja."

Nikasogea na kanzu yangu. "Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Ningekufungulia."

Foleni yote ikacheka, na mimi nikatafuta msumeno. Nilikuwa nimeshaamua kuukata ule mlango chini. Ulikuwa wa mvule, umri wake ni zaidi ya wangu na wa mzee wa bakora tukijumlishwa. Kabla sijaufikia, Mwanaidi alikuwa dirishani.

"Bi Rukia, Idi mbaraka. Bawaba za mlango ziko upande wako?"

"Ziko."

"Zina pini za kutoka?"

"Zina, na zina kutu."

Mwanaidi akapitisha nyundo na msumari kati ya nondo. "Weka msumari chini ya pini, ugonge kwenda juu. Anza na ya chini."

Bi Rukia akapandisha mikono ya nguo. Tulimsikia akigonga, kila pini na dua yake, ingawa ya pini ya tatu sina hakika kama ilikuwa dua. Sisi wanaume tukaushika mlango kwa nje, tukauinua, ukatoka kama jino. Bi Rukia akatoka, watu wakapiga vigelegele, akatulia mpaka vikaisha. Kisha akaniuliza mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida:

"Mwanangu, kuna aliyejua kwamba itavimba?"

"Mimi nilijua, Bi. Mke wangu aliitia ndooni akaniambia. Sikumsikiliza."

Akamgeukia Mwanaidi, akamtazama kuanzia juu mpaka chini. "Kumbe fundi ndiwe. Huyu ni mchukuzi."

Akamshika mkono wakaenda kula. Mimi nilikula barazani, na siku ya pili ya sikukuu nilirudi nikaing'oa lamineti yote kwa mikono yangu, nikamtandikia mkeka mnene wa rangi ya mvule. Haukuwa na mlio. Alisema ameshasikia milio ya kumtosha.

Mpaka hapo sikuwa nimefanya uovu, nilikuwa nimefanya ujinga. Uovu ulikuja baada ya Idi, dukani. Niliweka ndoo ya maji karibu na mlango, nikatia ndani kipande cha kila aina tuliyokuwa tukiuza. Mutua aliporudi kutoka kwao akakuta wateja wameizunguka, wanatoa vipande na kuvibonyeza.

"Hii ni nini, Hamisi?"

Nikamweleza.

"Nani alikufundisha?"

Nikafungua mdomo niseme. Mwenye duka alikuwa amesimama nyuma yake, akatangulia kusema, "Huyu Hamisi ana akili."

Mdomo nikaufunga.

Ni hilo tu. Sikusema uongo hata neno moja. Nilifunga mdomo, na kufikia mwisho wa wiki ilikuwa ndoo ya Hamisi. Kila aina mpya ilipoletwa, mwenye duka alisema, "Kwanza ndoo ya Hamisi." Wateja waliambiana. Fundi mmoja wa Bombolulu alikuja kuitazama kama mtu anayezuru kaburi. Kila siku iliyopita ikawa vigumu zaidi kusema, kwa sababu ningelazimika kueleza si ndoo tu, bali na ule ukimya wa jana, na wa juzi.

Mwanaidi alijua. Siku moja aliniletea chakula, wali na mchuzi wa papa, akanikuta ndani napima. Mbele, Kazungu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa, alikuwa akimweleza mteja habari ya ndoo ya Hamisi na akili za Hamisi. Mwanaidi alisikiliza mpaka mwisho, akaweka bakuli, akaenda zake. Jioni, tukila:

"Nasikia una ndoo."

"Ehe," nikasema.

"Hongera. Mimi yangu sijui iko wapi. Nafulia karai."

Hakugomba, wala hakurudia kulisema hivyo. Lakini tangu siku ile, jirani akija kuuliza lolote, bei ya samaki au dawa ya kikohozi, alisema, "Muulize mwenye ndoo." Nami nilinyamaza. Nilijiambia nitasema mwaka ujao, mambo yakitulia. Mambo yalikuwa yametulia kabisa.

Wakati huo wote nyumbani kwetu tulikuwa tukikanyaga saruji nyekundu. Kinyozi hajinyoi. Mutua alirudi kwao kufuga kuku, mimi nikawa fundi mkubwa, magoti yakaanza kulia kama lamineti, na bado saruji. Nilipotangaza kustaafu, mwenye duka aliniambia nichague sakafu ya chumba kimoja, aina yoyote. Nikamwambia Mwanaidi achague yeye, na nikamshawishi achukue zile za plastiki na mawe, ambazo wakati wote tulikuwa tukiwatandikia wengine.

Alichagua mkeka wa kawaida, ule mnene, rangi ya kahawia. Kisha akasema usigandishwe.

"Mama Saumu, usipogandishwa utajikunja pembe."

"Mkeka unaogandishwa si mkeka, ni lipu. Mimi nataka kuukunja, nioshe chini, niuanike, niutandike tena. Mkeka ni hivyo."

"Hakuna mtu anayeanika sakafu."

"Hukumbuki uliniambia hakuna mtu anayetia sakafu kwenye ndoo?"

Nikautandika bila gundi. Niliukata upungue upana wa kidole kimoja kila upande wa ukuta, nikaulaza siku nzima, nikaweka kabati pembe moja na kitanda pembe nyingine, na tepu ya kunata pande mbili hapo mlangoni tu. Ulikaa. Inaniuma kuandika kwamba ulikaa, maana nilikuwa nimewaambia wateja miaka mingi kuwa hauwezi kukaa. Kwa chumba kidogo na mkeka mnene, unakaa. Ijumaa ya kwanza aliukunja, akamwaga maji yake, akautundika kwenye kamba ya nguo nje. Majirani wakatoka kuangalia. "Mama Saumu anaanika sakafu," wakasema, na watoto wa mtaa wetu wakaimba hivyo wiki nzima.

Aliianika mara tano. Kisha akaugua, na hakuugua muda mrefu.

Wanawake waliokuja kumwosha walimtaka Saumu awaonyeshe maji yatatokea wapi. Nilikuwa nimesimama uani. Nikawaona wawili wakitoka na mkeka umekunjwa, wakauegemeza ukutani, wakarudi ndani. Haukuwachukua hata dakika moja. Maji yakapita juu ya saruji yakatokea mlango wa nyuma. Kama ningeshinda ule ubishi, wangemwosha juu ya gundi yangu. Nilisimama na lile roli mpaka wakamaliza. Baada ya matanga niliutandika tena mwenyewe, na magoti yakavumilia.

Arobaini ilipopita nilikwenda dukani. Mwenye duka hakuwepo. Alikuwepo Kazungu, ambaye sasa ndiye fundi mkubwa, na Achieng', aliyekuja baada yake, na ambaye kwa kukata pembe hakuna anayemfikia, mimi nikiwemo. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Bofu. Nikasema yote: kipande, Bi Rukia, swali la Mutua, mdomo. Nikasema ile ndoo ni ya Mwanaidi, na kwamba nimewadanganya tangu siku waliyoajiriwa.

Kazungu aliendelea kukata. Achieng' akafuta mikono.

"Mzee Hamisi, hiyo tunajua."

"Mnajua nini?"

"Ndoo. Mama Saumu alituambia. Kila akileta chakula na wewe uko saiti kwa nyumba za watu. Tunajua mpaka ile ya Bi Rukia kugonga pini."

"Miaka yote hii?"

"Eeh. Alisema siku moja utasema wewe mwenyewe. Ukisema, tujifanye tumeshtuka."

Nikaketi juu ya roli. "Basi shtukeni," nikasema.

Kazungu akaweka kisu chini, akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Haiwezekani." Hakushtuka vizuri. Achieng' hakujaribu. Alikwenda kunitilia chai kutoka kwenye chupa, na alipokuwa anarudi nikaona amejifuta macho na mkono wenye gundi, jambo ambalo nimewakataza mara nyingi.

"Alisema lini?" nikamuuliza. "Kwamba nitasema lini?"

"Mwaka hakusema. Alisema tu wewe ni mzito."

Nikiwa bado na kikombe mkononi, akaingia mama mmoja aliyetoka Shanzu, anafanya kazi hotelini, anatengeneza vyumba vyake viwili na hataki gharama kubwa. Akaenda moja kwa moja kwenye roli la kijivu, akainama, akalipapasa.

"Huu ukimwagiwa maji unakuwaje?"

Kazungu akanitazama. Achieng' akanitazama.

"Mke wangu aliujaribu," nikasema.

"Akasemaje?"

"Alisema usiugandishe. Uukunje siku ya deki, uuanike upande wa chini kwanza. Na kijivu kinaonyesha mchanga."

Akafikiri kidogo. Akahamia kwenye roli la kahawia, akaligonga kwa mguu, akaniuliza kama mke wangu yupo amwulize habari ya jikoni. Nikamwambia amefariki. Akanipa pole, kisha akachukua mita nne za kahawia.